Mgeni wa Sahani Mbili Nyeusi

Shangani, Mji Mkongwe
Alkhamisi, 3 Oktoba 1957

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanamkasi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na goti limepoa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mke wangu Shemsa anakusalimu, na kifua chake kimetulia tangu tuhamie chumba cha juu. Yule jogoo uliyemletea ameshakuwa mzee wa nyumba, hakuna mwenye moyo wa kumchinja.

Baada ya salamu, Machano wa gari la Makunduchi atakushushia sanduku la mbao. Ndani mna chombo cha mwajiri wangu, Bwana Hathersley, yule Muingereza mrefu ambaye mimi ni karani wake. Wataalamu wa nchi nyingi wamekubaliana kuipima dunia kwa mwaka mmoja na nusu, kama fundi apimavyo mtu kanzu, na Bwana Hathersley amejitolea kupima joto linaloondoka duniani kwenda juu. Anavyo vyombo vitatu: kimoja kipo kwenye sakafu ya dari yetu hapa Shangani, kimoja yuko nacho karani mwenzangu Hasan kule Mkokotoni, na cha tatu kilikosa pa kwenda. Nikamwambia ninaye shangazi mwenye uwa mpana.

Chombo kina sahani mbili nyeusi. Moja inatazama mbingu, moja inatazama ardhi. Pembeni upo mkono wenye wino unaoandika mstari kwenye karatasi inayozunguka polepole. Kazi yako ni kubadilisha karatasi kila Ijumaa na kumpa Machano ile ya zamani. Kisimame mahali pa wazi, kisiguswe.

Ningekileta mwenyewe, lakini kazi zimebana.

Mwanao,
Jecha


Kiongoni, Makunduchi
21 Oktoba 1957

Mwanangu Jecha,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana barua zako ni adimu na sijui lini nitaitikia tena. Mimi mzima. Goti la kushoto ndilo lisilotaka rukuu. Jirani yangu Bi Wanu ameozesha binti yake. Ulialikwa, hukuja, na sahani yako ya biriani ameimaliza Kificho mchoma chokaa. Mkomamanga umezaa.

Mgeni wako amefika salama. Machano alimteremsha kwa adabu, nikawa nimeshatandika jamvi kabla sijajua kwamba ni wa kusimama. Nimemweka uwani, baina ya kisima na shamba la muhogo. Siku mbili za mwanzo nilimwacha apumzike. Siku ya tatu nikampa jembe, kama walivyotuusia wakubwa: nilimsogeza hatua tatu kuelekea kwenye muhogo, na tangu hapo kima hawasogei, wanaogopa zile sahani zake. Yeye basi ameshajilipia makazi. Wako waliokuja kwa miguu yao hawakunifanyia hata hilo.

Bi Wanu hupita kila asubuhi kumuuliza khabari. Anasema ni mgeni mwenye heshima, hasemi watu.

Karatasi hizi hapa, mbili. Umesema asiguswe, na sikumgusa, nimemtunza tu.

Umesema pia kazi zimebana. Marehemu baba yako alikuwa akisema kazi haibani mtu, mtu ndiye anayeibana kazi kwapani ili aonekane nayo.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Shangani
2 Desemba 1957

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Poleni kwa vuli. Tumesikia barabara ya Jozani imekatika na kima wamekaa juu ya matope wakiwacheka abiria. Shemsa hajambo. Mimi nilipata mafua, yameondoka.

Shangazi, karatasi zako zimemkosesha Bwana Hathersley usingizi. Amenishika bega mara mbili, na Waingereza hawashiki bega ovyo. Nakueleza ili ujue umefanya nini.

Jua hutupa joto mchana kutwa. Ardhi hailiweki joto hilo, hulirudisha juu, mchana na usiku, kwa mwanga ambao macho ya binaadamu hayauoni. Lingeondoka lote moja kwa moja, bahari ingeganda na wewe ungekuna nazi umevaa makoti mawili. Kinachotuokoa ni hewa. Ndani yake mna mvuke wa maji, na mna hewa ya ukaa, ile itokayo kwenye moto na kwenye pumzi zetu. Viwili hivi huliachia jua lipite kuingia, lakini joto linapotaka kutoka hulikamata, hulinywa, kisha hulitoa upya kila upande, na sehemu yake inaturudia sisi.

Mvuke ni mgeni wa siku mbili. Hupanda, hukaa siku chache, hushuka mvua. Hewa ya ukaa ni mgeni asiyeaga. Bwana Hathersley anasema dunia ikipata joto kwa ajili ya huyu asiyeaga, hewa hubeba mvuke zaidi, na mvuke nao huzidisha joto. Yaani mmoja humwita mwenziwe.

Sasa, usiku wa mbingu wazi na hewa kavu, mstari wa chombo hushuka chini ya sifuri, maana ardhi inatoa joto zaidi kuliko inavyorudishiwa. Hapa Shangani unashuka. Kwa Hasan Mkokotoni unashuka. Kwako, Shangazi, unafika sifuri wakati wa magharibi na unalala hapo hapo, umenyooka, mpaka alfajiri. Kila siku. Ni kama mbingu ya Makunduchi hairuhusu hata chembe moja ya joto kuondoka.

Chombo hakijafunikwa na kitu?

Mwanao,
Jecha


Kiongoni, Makunduchi
9 Januari 1958

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Umeniuliza kama chombo kimefunikwa na kitu. Mimi nakuuliza kama Shemsa anakunywa maji ya tangawizi niliyomwagiza kwa kifua. Binti wa Bi Wanu ana mimba tayari. Kificho amejenga tanuri jipya la chokaa nyuma ya msikiti, sasa anayo matatu, na hatusemeshi tena ila kwa miadi.

Khabari yako ya joto nimeisoma mara tatu na nimeipenda, ila ungeniuliza kabla ya kwenda kuipima. Kila mwanamke wa hapa anajua. Mbingu ikiwa wazi, alfajiri majani yamelowa umande na vidole havikunjiki. Ikiwa imefunikwa mawingu, umande hakuna na mtu analala anajipepea. Bibi yako hakuwa na sahani nyeusi hata moja, alikuwa na vidole.

Mwambie bwana wako mbingu ya Makunduchi ni hiyo hiyo aliyonayo yeye. Hatukupewa nyingine.

Mgeni anaendelea vizuri. Nimemfukizia udi siku ya Maulidi ya Bi Wanu, asijione mpweke watu wote walipokuwa ndani. Juzi nilimweleza habari ya goti langu, tangu lilivyoanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, wino wake ukienda taratibu. Huu ni mwaka wa nne sijapata mtu wa kunisikiliza habari ya goti mpaka mwisho.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Shangani
12 Machi 1958

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema inayokuja. Shemsa anakunywa tangawizi na anakushukuru kwa uso uliokunjamana. Nakutumia tende na kilo ya sukari.

Mambo yamekuwa makubwa. Bwana Hathersley amekaa na ramani ya huko kwenu siku kumi. Alitaka kujua Makunduchi mna nini ambacho Shangani hamna, nami nikamtajia vitu vyote: mihogo, mwani, chumvi, chokaa. Alipolisikia neno chokaa alisimama akagonga kichwa kwenye boriti. Mawe yanayochomwa kupata chokaa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, kuni zake nazo vile vile. Ameshaamua. Matanuri yenu yamejenga dari juu ya Makunduchi. Anaandika makala ya kupeleka London, na jina lake ni "Dari la Makunduchi". Mwezi wa Julai atakuja kuyahesabu matanuri na kuomba yazimwe kwa mwezi mmoja ili aone kama dari litafunguka.

Jina langu litakuwa chini ya lake. Tena amesema makala ikikubaliwa atanipeleka Uingereza mwaka mzima kusoma elimu ya hewa. Mimi, mtoto wa Masoud mkata miwaa ya kusukia mikeka. Shangazi, sijawahi kutaka kitu kama ninavyolitaka hili.

Kwa hiyo endelea vivyo hivyo, usibadilishe chochote.

Mwanao,
Jecha


Kiongoni, Makunduchi
27 Aprili 1958

Mwanangu Jecha,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Tende zilifika, sukari ilifika, wewe hukufika. Mjukuu wa Bi Wanu yu njiani. Masika yametushika koo.

Sijui nani kaisambaza khabari ya matanuri. Labda ni mimi, maana barua yako niliisoma uwani na Bi Wanu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Jioni ile ile Kificho alikuja na wachoma chokaa kumi na wanne, wote na vumbi lao, wakasimama mbele ya mgeni wetu wakimtazama kwa chuki. Kificho akamwambia, "Wewe ndo unayetusengenya Mjini?" Nikamwambia Kificho mgeni wa mtu hatukanwi ndani ya uwa wa mtu. Akanijibu, "Bi Mwanamkasi, tanuri zangu zikizimwa n'takula nini, hayo masahani?" Wakaondoka bila kunywa kahawa niliyokwisha kuimimina.

Kificho ameapa kwamba siku ya Mwaka Kogwa, mwezi huo huo wa Julai, atamtafuta bwana wako kwa gomba. Usije ukamwacha aje bila kumweleza. Mwambie huku kwetu, siku ya Mwaka, wanaume wenye kinyongo hupigana kwa magomba ya migomba mpaka kinyongo kiishe, kisha hushikana mikono na kwenda kula. Kinyongo cha mwaka mzima kinataka pa kutokea. Kisipotoka, nyumba inawaka joto hata kama nje ni kipupwe. Hilo nalo angeniuliza ningemwambia bila ramani.

Mvua zilipoanza sikumwacha mgeni alowe, mchana wala usiku. Karatasi zake ziko kavu, utaziona.

Mimi mwaka huu sina wasiwasi na Mwaka. Unajua nyumba isiyokuwa na mgeni siku hiyo ni nyumba yenye mkosi. Miaka minne nimekwenda kumwazima mgeni kwa Bi Wanu, ananipa yule shemeji yake kiziwi, na nimerudi naye nimeinamisha uso. Mwaka huu ninaye wangu mwenyewe.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Shangani
19 Mei 1958

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kwa mujibu wa karatasi yako, tarehe kumi na nne hadi tarehe ishirini na mbili Aprili jua halikuchomoza Makunduchi. Bwana Hathersley hajatoka ofisini kwa siku mbili. Amezungukwa na vitabu, anatafuta kama lilipatwa.

Nakuuliza kwa heshima zote, na mara hii unijibu. Unakifunika?

Jecha


Kiongoni, Makunduchi
30 Juni 1958

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Bi Wanu amepata mjukuu wa kike. Goti ni lile lile. Nimekaa na barua yako mwezi mzima na ushei, na si kwa sababu Machano hakupita.

Namfunika.

Adhana ya magharibi ikilia namtupia kanga, alfajiri namfunua. Masika nilimwongezea na turubai. Ulitaka nifanyeje? Mgeni amekuja kutoka Mjini, halafu mimi niingie ndani, nifunge mlango, nijifunike, yeye alale nje kichwa wazi anyeshewe umande? Watu wangesema nini? Mimi mwenyewe ningejisemaje? Uliposema asiguswe sikumgusa. Kanga ndiyo iliyomgusa.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani ungekuja kumchukua. Halafu ukaniandikia mambo ya Uingereza, nikaona nikikuambia nitakuvunjia safari. Halafu akaja Kificho na vumbi lake. Nimekuwa kama mtu aliyebeba chungu cha moto, pa kukitua hapaoni.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, acha nimalize. Siku uliyofika baada ya maziko ya baba yako nilikuuliza mbele ya watu, "Umekuja kuzika au umekuja kupima kaburi?" Watu walicheka, na msibani watu hawapaswi kucheka. Nilikuona ulivyogeuka. Tangu siku ile nimelitafuna neno hilo kila nikikaa kula, na halimezeki. Nilikuwa na uchungu wa kaka yangu, nikakutupia wewe kwa kuwa ndiwe uliyekuwa karibu. Nisamehe, mwanangu.

Kanga yenyewe ni nyekundu, ya madoa meupe. Niliinunua Mwaka ule wa kwanza baada ya maziko. Imeandikwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Shangani
12 Julai 1958

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hizi nyingine ni za miaka minne.

Hakuna cha kukusamehe mpaka na mimi niseme changu. Nilijua. Tangu karatasi ya tatu nilijua: ilinukia udi wa nguo zako, na uzi mwekundu uliganda ndani ya wino pale mstari ulipofika sifuri. Niliung'oa kwa kucha nikautupa dirishani. Kisha nikakuandikia kuuliza kama kimefunikwa, nikiomba Mungu usinijibu, na ulipokwepa nilifurahi. Nilikuacha ubebe chungu peke yako, na Kificho akose usingizi, ili mimi nipande meli.

Na ile ya baba ni hiyo hiyo. Barua ya kwamba ni mgonjwa niliipata Jumatatu. Niliona ulivyoandika, herufi zimelala. Nikajiambia ni homa tu, nitakwenda Alkhamisi. Ulichoniuliza mbele ya watu kilikuwa cha haki, ndiyo maana sikurudi.

Jana nimemwambia Bwana Hathersley. Nilimweleza yote, kima, udi, goti, kanga. Alisimama akaenda mpaka dirishani, nikafikiri anatafuta Kiswahili cha kunifukuzia. Kisha akaniuliza kanga ina unene gani. Anasema hakuna mtu duniani aliyewahi kupima nguo moja kwa siku mia mbili na zaidi mfululizo, kwa uaminifu, kutoka magharibi mpaka alfajiri. Nguo hupokea joto la ardhi na kulirudisha chini karibu lote, ndiyo sababu mstari ulilala sifuri. Hewa hufanya hayo hayo, ila yenyewe huacha sehemu ipite. Amechana makala ya matanuri. Kificho achome chokaa yake.

Amebakisha ukurasa mmoja wa taarifa kwenda London, nami ndiye niliyeupiga chapa. Unasema: "Kituo cha Makunduchi. Vipimo vya usiku havifai. Kilichozuia joto kutoka: kanga moja ya pamba, nyekundu, yenye maneno MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Sababu ya kuwekwa: karani wa ofisi hii hakwenda kumtembelea shangazi yake kwa miaka minne." Alinitaka niandike sababu ya kweli, nami nikaandika.

Uingereza atakwenda Hasan. Mstari wake ulishuka vizuri kila usiku. Nimelia kidogo, Shemsa ameona, sasa nimenyamaza.

Tutafika kabla ya Mwaka, mimi na Shemsa, na Bwana Hathersley pia, kwa gari la Machano. Anataka kukichukua chombo, na anaomba akae na ile kanga kama ushahidi. Anauliza pia kama mtu wa kuja anaruhusiwa kupigwa gomba. Nimemwambia Kificho atamjibu. Na mimi nihifadhie nafasi, kuna watu wana haki ya kunipiga kwa ajili ya baba.

Mwanao,
Jecha


Kiongoni, Makunduchi
16 Julai 1958

Mwanangu Jecha,

Marahaba zote tatu.

Khabari za hapa nitakueleza kwa mdomo, na ya goti tangu lilivyoanza, jitayarishe. Kificho ameshakata gomba la kumpigia bwana wako na amelichagua laini, amenionyesha mwenyewe. Bi Wanu nimemwambia ampumzishe shemeji yake.

Mgeni wa sahani mbili jana sikumfunika. Nilimwambia ajionee mbingu kwa siku hizi zilizobaki, wenyewe wanakuja. Asubuhi nikamkuta amelowa umande, na ule mstari wake umeshuka mpaka chini kabisa ya karatasi.

Kuhusu ile kanga, mwambie Bwana Hathersley aichukue, nimempa. Lakini kanga hainunuliwi moja, yeye hajui, wewe unajua. Kipande cha pili kimo sandukuni tangu ule Mwaka wa kwanza. Hakijapindwa wala hakijalowa maji, bado kinanuka duka, na sijamfunika nacho mtu.

Shangazi yako,
Mwanamkasi